Someni Kifungu Kwanza

Anayeishi Dodoma hawezi kulikwepa Bunge. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wakati wa mkutano wa bajeti, vyumba vya wageni Area C na Area D hupanda bei, bajaji hupanga foleni karibu na viwanja vya Bunge, na hoja iliyosemwa asubuhi ukumbini hujadiliwa mchana kwa mama lishe juu ya ugali na mlenda. Mimi ni msaidizi wa kisheria, mmoja wa wale waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kazi yangu ya kila siku ni mirathi, matunzo ya watoto na migogoro ya mipaka ya mashamba huko Chamwino na Bahi. Kuwasemea watu transijenda, yaani wale ambao jinsia wanayoijua nafsini mwao siyo ile waliyoandikiwa walipozaliwa, hakukuwa sehemu ya kazi hiyo. Ilikuja kuwa sehemu yake kwa sababu ya muswada ambao hata haukuwa wetu.

Machi 21, 2023, Bunge la Uganda lilipitisha muswada dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ambao, katika sura yake ya kwanza, haukuishia kwenye vitendo: ulimfanya mkosaji hata mtu anayejitambulisha kuwa transijenda. Rais Museveni aliurudisha bungeni, kipengele hicho cha kujitambulisha kikaondolewa, ukapitishwa tena Mei 2 na kusainiwa Mei 26. Huku kwetu hali ya hewa ilikuwa imekwishachafuka, kwa kuwa Februari ya mwaka huohuo Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 shuleni kwa sababu za maadili, na habari za Kampala zilipofika zikasikika sauti za wanasiasa wakitaka Tanzania nayo iongeze makali, wengine wakifikia kupendekeza watu wahasiwe. Kwenye daladala, kwenye vikoba na hata baada ya ibada, watu walikuwa wakiulizana sisi tunangoja nini.

Swali hilo lilinisumbua kwanza kama mtu wa sheria, kwa sababu wengi waliouliza waliamini kwamba nchi haina sheria. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 154, inaadhibu kile inachokiita kumwingilia mtu kinyume cha maumbile kwa kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30. Asili ya kifungu hicho ni utawala wa Mwingereza, na makali yake yaliongezwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo tuliitunga wenyewe. Lakini hicho ni kifungu cha tendo. Hakuna mahali ambapo Kanuni hiyo inamtaja mtu transijenda, na hakuna kosa la kuwa na sura, mavazi au sauti ambayo jirani haielewi. Waliokuwa wakidai sheria mpya walikuwa wanadai, wengi wao bila kujua, kwamba tutoke kwenye kuadhibu tendo tuingie kwenye kuadhibu mtu alivyo. Nilipolielewa hilo nikaona kwamba nina la kusema, na kwamba ninaweza kulisema kwa lugha ya kazi yangu.

Kabla sijasema nilikwenda kuuliza. Kuna mteja wetu, mwanamke transijenda, aliyewahi kuja ofisini kutaka kubadili jina. Jina linawezekana: wakili huandaa hati, ikasajiliwa kwa Msajili wa Hati, na mtu akaanza safari ndefu ya kuzungukia benki, shule aliyosoma na ofisi za vitambulisho akiwa na nakala mkononi. Kinachoshindikana ni kile kisanduku cha jinsi kwenye fomu, kwa kuwa hatuna utaratibu wa kisheria wa kukibadili. Alichagua jina ambalo hapa kwetu huitwa watoto wa kike na wa kiume, akasema kwamba angalau litampunguzia maswali dirishani. Nilipomweleza kwamba nataka kuzungumza kwenye semina ya wasaidizi wa kisheria, alinyamaza, akazungusha kikombe chake cha chai, kisha akaniambia: "Dada, ukisema, sema kuhusu sheria. Usinifanye mimi ushuhuda."

Nilimuuliza kama angependa nieleze japo yale yaliyompata bila kutaja jina wala mtaa. Akakataa hilo pia, na sababu yake ilikuwa ya mtu aliyefikiri kwa muda mrefu. Dodoma, alisema, ni jiji kwenye karatasi tangu 2018, lakini bado ni mji ambao ukisema "msusi mmoja wa upande fulani" watu watano watajua unamzungumzia nani kabla hujamaliza sentensi. Akaongeza kwamba watu huguswa na kisa, wakalia, wakamwonea huruma, halafu wakaunga mkono sheria ileile kwa sababu yule wa kwenye kisa wamemwona kuwa ni wa pekee, siyo kama wale wengine. Nimehudhuria semina nyingi ambamo mhanga huletwa, husimamishwa, hupigiwa makofi na kupewa nauli, kwa hiyo nilimwelewa. Mwenzangu wa ofisini, ambaye nia yake ilikuwa njema, aliona kwamba bila mtu halisi hoja itakuwa kavu. Tulibishana naye sana juu ya hilo, na mimi nikashikilia kwamba ukavu huo tutaustahimili, kwa kuwa atakayelala nyumbani kwake usiku baada ya semina akisikiliza nyayo mlangoni siye mimi wala yeye.

Semina yenyewe ilikuwa ya wasaidizi wa kisheria na watendaji wa kata kutoka wilaya za Dodoma na Singida, na mada yake kuu ilikuwa namna wananchi wanavyoweza kutoa maoni juu ya miswada. Utaratibu ule nauheshimu, pamoja na kasoro zake: muswada huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali, husomwa kwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati ya kudumu inayohusika, na kamati huita wadau waje watoe maoni au wayalete kwa maandishi. (Ukija kwa hati ya dharura, wadau hupata muda wa kusoma jalada na kurasa mbili za mwanzo.) Kama zoezi, tulitakiwa kuandika mapendekezo juu ya jambo lililokuwa likijadiliwa nchini wakati ule, na kundi letu likachagua maadili. Katika muda mfupi ubao ulikuwa na mapendekezo matatu: adhabu ziongezwe, kujitangaza kuwa transijenda kuwe kosa, na kila raia awe na wajibu wa kutoa taarifa polisi.

Niliomba nafasi. Sikusema kwamba ninapinga, nilisema, "Ndugu zangu, naomba tusome kifungu kwanza." Nilikuwa na tafsiri yangu ya kifungu cha 14 cha sheria ya Uganda, kinachomtaka kila anayejua, au mwenye sababu za kushuku, kwamba mtu ametenda au anakusudia kutenda kosa chini ya sheria ile, atoe taarifa polisi. Nilikisoma taratibu, kisha nikaomba kila mmoja amfikirie mtu atakayelazimika kwenda kituoni. Mtendaji mmoja akasema mwalimu. Mwingine akasema mwenye nyumba. Mama mmoja wa Manyoni, ambaye alikuwa ndiye aliyependekeza wajibu wa taarifa, akasema kwa sauti ya chini kidogo kuwa hata mzazi. Nikauliza: na msaidizi wa kisheria ambaye mteja amemweleza siri yake? Hapo chumba kikatulia, kwa sababu sasa tulikuwa tunajizungumzia wenyewe.

Aliyebadilisha mwelekeo wa kikao hakuwa mimi. Alikuwa mzee mmoja kutoka Kondoa, mwenyekiti wa mtaa aliyestaafu, ambaye tangu asubuhi alikuwa ameandika bila kunena neno. Aliuliza: "Neno 'kushuku' hapo lina kipimo gani? Maana mimi nina jirani tuna kesi ya mpaka, na nina kijana nyumbani ambaye ana sauti nyembamba." Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaendelea kueleza kwamba katika miaka yake ya uongozi kila amri iliyowapa watu ruhusa ya kushtakiana kwa kushuku iliishia kulipa visasi vya mashamba, mikopo na wanawake, na akakumbusha vikongwe waliouawa Kanda ya Ziwa kwa kuitwa wachawi, wengine wao kosa lao likiwa macho mekundu ya moshi wa jikoni. "Mnataka kunipa mimi kazi ya kuangalia watu wanavyotembea," alisema, "na mimi ni mtu mzima, nitaifanya vibaya."

Mzee yule hakuwa mtetezi wa watu transijenda, na hata sasa sidhani kama ni mtetezi wao. Ila hoja yake ilikuwa imara kuliko yangu kwa sababu ilitoka kwa mtu ambaye hakuna angeweza kumshuku kuwa ametumwa. Nimejifunza kwake kwamba anayetaka kuwasemea wengine asihangaike kuwa sauti kubwa zaidi chumbani. Amtafute yule ambaye chumba kinamsikiliza, amwekee karatasi mbele, amwache asome. Mwaka mmoja baadaye, Aprili 3, 2024, Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikifuta kifungu hicho cha 14, pamoja na vile vilivyowagusa wenye majengo, ingawa iliiacha sehemu kubwa ya sheria isimame. Nilimpigia simu mzee kumpa habari. Shikamoo ikapokelewa, habari ikasikilizwa, akajibu tu kwamba hata majaji wana majirani.

Hoja ya pili siku ile ilikuwa nzito zaidi, nayo ni kwamba mambo haya yametoka Ulaya. Huwa sipendi kuijibu kwa haraka, kwa kuwa wanaoisema wengi wao wanalinda kitu wanachokipenda. Nilisema mawili. Kwanza, kwamba kifungu cha 154 tunachotaka kukiongezea ndugu kililetwa na wakoloni, na kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoketi Luanda mwaka 2014, ilipitisha azimio namba 275 linalozitaka nchi za Kiafrika zizuie ukatili dhidi ya watu kwa sababu ya jinsia yao au mapenzi yao, ya kweli au ya kudhaniwa. Pili, nikawauliza Wagogo waliokuwemo kama wamesikia kwa bibi zao juu ya tambiko la wanawake kuvaa mavazi ya wanaume, kushika silaha zao na kupeleka ng'ombe machungani ili kufukuza maradhi ya mifugo au mkosi uliolikumba eneo. Wataalamu walioishi Ugogo waliliandika jambo hilo katika miaka ya 1960. Mama wa Mvumi akatikisa kichwa kukubali, akaongeza kwamba wanaume siku hiyo walikuwa wanakaa pembeni. Sikudai, wala sidai hapa, kwamba wale akina mama walikuwa transijenda, hawakuwa. Nilitaka tu tuache kusema kwamba babu zetu hawakuwahi kuona vazi la mwanaume juu ya mwili wa mwanamke bila dunia kupasuka.

Kilichowagusa watumishi wa umma waliokuwepo kilikuwa kidogo na kikavu kuliko hayo yote, nacho ni vyeti. Dodoma haijasahau Aprili 2017, pale ripoti ya uhakiki ilipokabidhiwa kwa Rais hapa hapa Chuo Kikuu cha Dodoma na watumishi 9,932 wakatajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Tangu hapo kila mtumishi anaogopa herufi moja isiyofanana kati ya cheti na kitambulisho. Niliwasimulia habari ya Audrey Mbugua wa Kenya, mwanamke transijenda ambaye hakuweza kukitumia cheti chake cha sekondari kwa sababu kilimtaja mtu ambaye macho ya mwajiri hayakumwona mbele yake. Mwaka 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamuru baraza la mitihani litoe cheti kipya chenye jina lake na kisicho na alama ya jinsi. Nikaongeza Botswana, ambako mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamuru serikali ibadili jinsi kwenye kitambulisho cha mwanaume transijenda. Mtendaji aliyekuwa mkali kuliko wote aliuliza maswali manne mfululizo, yote ya kiutaratibu: nani anathibitisha, rekodi ya zamani inahifadhiwa wapi, benki inaarifiwaje. Kwangu hayo yalikuwa mafanikio makubwa ya siku ile. Mtu anapouliza rekodi itahifadhiwa wapi, amekwishakubali kwamba mwenye rekodi yupo.

Mapendekezo ya mwisho ya kundi letu hayakuwa yale niliyoyataka. Wajibu wa kutoa taarifa ulifutwa. Kosa la kujitangaza lilifutwa kwa kura chache, baada ya kusoma Ibara ya 12 ya Katiba, "Kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake," na baada ya mtu kuuliza polisi watathibitishaje mahakamani kwamba mtu amejitangaza kama siyo kwa kumvua nguo. Kuhasiwa hakukujadiliwa kwa muda mrefu, kwa sababu Ibara ya 13 inakataza adhabu za kinyama na zinazomtweza mtu. Lakini sentensi ya kuomba makali zaidi ilibaki, na chini ya karatasi ile lipo jina langu kama mjumbe wa kundi. Niliomba iandikwe kwamba sikukubaliana nayo, ikaandikwa.

Wanaosema wanapaswa kujua bei. Wiki hiyohiyo maneno yalitangulia kufika ofisini kabla yangu: nimelipwa na wazungu, nimejiunga, nina mtoto wa namna hiyo. Nilitakiwa nijieleze kwa maandishi, nikaandika ukurasa mmoja wenye vifungu na bila hisia, nikaambatanisha tafsiri niliyoisoma. Baadhi ya wenzangu waliacha kuketi nami wakati wa chai. Hayo ni madogo. Oktoba 2017 wanasheria na wanaharakati, wakiwemo waliotoka Afrika Kusini, walikamatwa Dar es Salaam wakiwa kwenye kikao cha kujadili uwezekano wa kufungua kesi juu ya kuzuiwa kwa huduma za afya, na aliyesahau hilo anaweza kumshauri mwenzake vibaya. Kwa hiyo wanaoniuliza siku hizi niliwezaje, huwaambia mambo ya kawaida: nilisema mahali ambapo nilikuwa nimealikwa kusema, juu ya maandishi ambayo kila mtu aliweza kuyashika, na nilimweleza mteja wangu mapema siku na saa ili kama angependa kusafiri asafiri. Alikwenda kwa ndugu zake, akarudi mambo yalipotulia. Nilipomsimulia yaliyojiri, alichekea sana habari za mzee wa Kondoa, kisha akaniuliza hati yake ya jina imefikia wapi, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa linamkwamisha kupata mkopo.

Mjadala mrefu kuliko wote nilikuwa nao, na bado ninao, na mdogo wangu, ambaye ni muuguzi katika mkoa wa Singida. Yeye anaona kwamba nimevuka mpaka. Nilimweleza kwamba Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Geneva, liliondoa suala la jinsia isiyolingana na ile ya kuzaliwa kwenye orodha ya magonjwa ya akili, na kwamba mpangilio huo mpya ulianza kutumika Januari 1, 2022. Akanijibu kwamba Geneva haijawahi kulala zamu ya usiku kwenye wodi yake. Nikamwachia hapo. Baada ya muda akanitumia ujumbe yeye mwenyewe, akitaka maandishi ya kifungu cha kutoa taarifa, kwa sababu wenzake kazini walikuwa wanabishana juu yake. Aliyasoma, akanipigia. "Mimi na wewe hatukubaliani kuhusu hao watu," alisema, "ila mgonjwa akishajua kwamba ninaweza kumpeleka polisi, hatakuja. Na akija atadanganya, nami nitampa dawa isiyo yake."

Kisha akauliza lile ambalo nilijua atauliza: na ikiwa ni mtoto anayeharibiwa? Nilimkumbusha kwamba kwa mtoto hatuhitaji sheria mpya, kwa sababu Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 tayari inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuzifikisha serikali za mitaa, awe mvunjaji ni mjomba, mwalimu au mchungaji. Akasema basi hayo mawili yasichanganywe, na kwamba kama kungekuwa na muswada angekubali kuandika hivyo na kutia saini yake, kwa jambo hilo moja tu. Nikamwambia saini kwa jambo hilo moja inatosha kupelekwa kwenye kamati. Kuhusu mengine yote tunaendelea kubishana kila anapokuja Dodoma kufuata mafao ya marehemu baba yetu.